Hapana wakuu, Higgs sio tope, na wala haikupi kilo zako zote (uzi mrefu)

#1 mwalimu_wa_zamu

Wakuu habari za jumamosi, huu uzi nimeukwepa muda mrefu ila jumatano nimeumbuka darasani kwahiyo leo lazima nitue mzigo.

Mi ni mwalimu wa fizikia, advansi. Jumatano nipo ubaoni naelezea kiini cha atomu, nikachora protoni, ndani yake kwaki tatu (vijichembe vinavyoiunda), mbili za aina ya juu na moja ya aina ya chini, nikaweka na tungamo zake kabisa, yaani mass, ya juu kama 2.2 MeV, ya chini kama 4.7. MeV ni kizio cha nishati ila wanafizikia wanapimia nacho tungamo sababu ya ile E=mc² mnayoivaa kwenye fulana. Binti mmoja anakaa nyuma kabisa, muhula mzima sijawahi kusikia sauti yake, akanyoosha mkono: mwalimu, 2.2 na 2.2 na 4.7 inakuja 9.1, na hapo juu umeandika protoni ni 938, hiyo 929 imetoka wapi?

Darasa zima macho kwangu. Nikajibu haraka haraka kwamba hiyo ni habari ya Higgs, tutaifikia, nikafuta ubao. Sasa wakuu lile jibu ni uongo. Higgs, yaani ule uga uliojaa ulimwengu mzima pamoja na chembe yake (uga nitaueleza mbele), haihusiki na hiyo 929. Na mi nalijua hilo, nimelisoma, ila mdomo ulitangulia kichwa kwa sababu hii sentensi ya "Higgs ndio inavipa vitu vyote uzito" imerudiwa mpaka mtu unaitoa kama salamu.

Kwahiyo leo tuipange: Higgs inafanya nini, haifanyi nini, na kwanini bila yenyewe usingekuwepo hata kama mchango wake kwenye kilo zako ni mdogo wa kuchekesha. Nashusha kwa awamu, natumia simu, msinisonge.

#2 Karanga Mbichi

Siti ya mbele, dirishani. Shusha mkuu.

#3 mzee_wa_kijiwe

Hii si ndio ile chembe ya Mungu? Wazungu bana, mabilioni yote kumtafuta Mungu chini ya ardhi wakati sisi tunampata msikitini na kanisani bure.

#4 mwalimu_wa_zamu

Mzee hilo jina limeleta balaa kweli. Lilitoka kwenye kitabu cha Leon Lederman, 1993, mwenye Nobel huyo, na mwenyewe alikuwa akitania kwamba alitaka kuiita chembe iliyolaaniwa kwa jinsi ilivyowatesa ila mchapishaji akagoma. Peter Higgs, mwanafizikia ambaye chembe ina jina lake, mwenyewe hakulipenda. Hakuna aliyekuwa anamtafuta Mungu pale, swala zako zipo salama.

Nianze kwa kubomoa. Kila video ya mtandaoni itakwambia ulimwengu umejaa kitu kama tope au asali, chembe zikipita zinanasa, inayonasa sana ndio nzito, isiyonasa ndio nyepesi. Mfano mtamu ila mbovu. Tope linakupunguzia mwendo hata kama ulikuwa unaenda zako sawasawa, ukiacha kusukuma linakusimamisha. Tungamo haifanyi hivyo! Elektroni ukiirusha kwenye ombwe tupu itaenda na kasi yake ileile mpaka kiama, haipungui hata chembe, hiyo ni kanuni ya kwanza ya Newton ya kidato cha pili. Tungamo ni ugumu wa KUBADILISHA mwendo, kuanza na kusimama na kukata kona. Lori la mchanga na bajaji vikiwa vimesimama kwenye taa, utajua nani mwenye tungamo taa ikiwaka kijani.

Na kingine, tope lina pahala pake, unaweza kusema mimi natembea na tope limetulia. Huu uga wa Higgs hauko hivyo, ukienda kasi yoyote unauona uleule, hauna upepo wake wala mkondo wake. Kwahiyo tope tulizike leo.

#5 dada_wa_maabara

Asante kwa kulizika, nami linanikera. Ila mkuu usiruke hatua, eleza kwanza kwanini walihitaji huu mtambo, yaani huu utaratibu wa Higgs wa kutoa tungamo. Wengi wanadhani mtu aliamka akajiuliza vitu vinapata wapi uzito. Haikuwa hivyo.

#6 mwalimu_wa_zamu

Nakuja dada, chai ilikuwa inachemka.

Kweli kabisa, kisa hakikuanzia kwenye uzito, kilianzia kwenye kani dhaifu. Asili ina kani nne: mvutano, sumakuumeme, kani nguvu inayobana kwaki, na hii dhaifu ambayo kazi yake ya pekee ni kubadilisha chembe aina moja kuwa nyingine, nyutroni ikawa protoni na kadhalika. Jua linawaka kwa sababu yake. Protoni mbili zikigongana katikati ya jua lazima moja igeuke nyutroni papo hapo ndio zishikane, na hiyo inatokea kwa nadra mno, protoni moja pale ndani inasubiri kwa wastani mabilioni ya miaka zamu yake ifike. Ndio maana jua halijamaliza mafuta.

Kwanini ni dhaifu hivyo? Kwa sababu chembe zinazoibeba, W na Z, ni nzito mno, kama GeV 80 na 91. GeV ni MeV elfu moja, kwahiyo W moja ina tungamo ya protoni kama 85. Fotoni, chembe ya mwanga, inayobeba sumakuumeme haina tungamo kabisa, inakwenda popote, nyota unaiona. W inafika umbali kama wa sehemu moja ya elfu ya protoni, imeishia hapo.

Sasa tatizo. Hesabu zote nzuri za kani zimejengwa juu ya ulinganifu, yaani kanuni hazibadiliki hata ukigeuza namna ya kuziandika, na ulinganifu huo unadai mbebaji wa kani awe na tungamo sifuri. Sio karibu na sifuri, sifuri. Ukiichomeka tungamo kwa mkono kwenye mlinganyo, ulinganifu unavunjika na hesabu zinaanza kutoa majibu ya kipuuzi, uwezekano zaidi ya asilimia 100. Kwa fotoni hakuna ugomvi. Kwa W na Z wamekwama.

Kuna na tatizo la pili ambalo watu huwa wanalisahau, na kwangu mi ndio tamu zaidi. Mwanzoni mwa 1957 mama mmoja Chien-Shiung Wu alionyesha, kwa kutumia kobalti 60 iliyopozwa karibu na sifuri halisi (baridi ya mwisho kabisa), kwamba kani dhaifu inabagua kushoto na kulia. Chembe kama elektroni ina sura mbili, ya mkono wa kushoto na ya mkono wa kulia, kutegemea inavyojizungusha, na W inaongea na wa kushoto tu. Wa kulia anapita kama hajaonekana. Wale ni kama watu wawili tofauti wenye vitambulisho tofauti. Na hesabu ya tungamo inadai nini? Inadai wa kushoto ageuke wa kulia na wa kulia ageuke wa kushoto, muda wote. Vitambulisho haviruhusu. Kwahiyo elektroni nayo ilitakiwa iwe na tungamo sifuri.

Ndio mjue ukubwa wa kesi. Kwa karatasi hakuna anayeruhusiwa kuwa na tungamo, na dunia nzima inayo.

#7 Karanga Mbichi

Hapo kwenye vitambulisho nimekuelewa kuliko walimu wangu wote wa miaka miwili 😂

#8 mwalimu_wa_zamu

Haya sasa uga. Uga si unaujua, pale mbele ya nyumba watoto wanapochezea. Kwenye fizikia uga ni kitu kilichopo kila mahali na kila sehemu kina thamani yake, kama joto la chumba, karibu na jiko lina namba yake, dirishani namba nyingine. Uga wa sumaku, uga wa umeme, ukiondoa sumaku zote na chaji zote thamani inarudi sifuri. Ombwe maana yake kila uga umelala sifuri.

Isipokuwa huu mmoja. Uga wa Higgs hata ukifagia kila kitu, ukaondoa hewa, mwanga, vumbi, kila kitu, wenyewe unabaki na thamani, nayo imepimwa, kama GeV 246, hapa nilipokaa na kwenye Mwezi na kati ya galaksi, sawasawa. Kwanini haulali sifuri? Chukua kofia ya pama, ukingo wake ukunje uangalie juu, weka gololi kileleni. Gololi pale juu kabisa imekaa kwa ulinganifu kamili, pande zote sawa, lakini haikai, itateleza, itaangukia kwenye mfereji wa ukingo, upande mmojawapo. Kanuni ni zilezile pande zote ila gololi imechagua. Uga wa Higgs ndio hivyo, sifuri kwake ni kileleni, nishati ni kubwa, mfereji ndio pa kupumzikia. Ulimwengu ulipokuwa wa moto sana gololi ilikuwa inarukaruka juu ya kofia nzima kwa wastani wa sifuri, ulipopoa, kama sehemu moja ya trilioni ya sekunde baada ya mwanzo, ikatulia mferejini. Toka hapo tungamo zikaanza.

Sasa angalia gololi iliyoko mferejini ina njia mbili za kutikisika. Kuzunguka kufuata mfereji, hiyo haigharimu kitu. Au kupanda ukuta, hiyo inagharimu. Huu uga wa kweli una sehemu nne, tatu zinazunguka bure na moja inapanda ukuta. Zile tatu za bure zimemezwa na W mbili, ya chanya na ya hasi, na Z, ndio wakapata tungamo, fotoni hakumeza kitu akabaki mwepesi. Ile ya nne iliyobaki bila kumezwa ndio bosoni ya Higgs yenyewe, ile chembe. Yaani bosoni haigawi tungamo kwa mtu, hiyo ni mtikisiko tu wa uga, kama wimbi la bahari ni ushahidi kwamba kuna maji. Anayefanya kazi ni uga uliotulia.

#9 matatu_ya_mwisho

Niaje wadau, niko Eldoret. Hapo kwa pama umeniwacha kwa mataa kidogo lakini nimesoma mara tatu imeingia. Sasa nani alifikiria hii kitu, ni huyo Higgs peke yake?

#10 mwalimu_wa_zamu

Hapana, na hapo pana dhuluma kidogo ya jina. 1964, wa kwanza kutoka ni Robert Brout na François Englert wa Brussels, karatasi yao imechapwa mwezi wa nane. Higgs wa Edinburgh alikuwa na karatasi mbili, ya kwanza jarida la Physics Letters likaipokea, ya pili, ile yenye mtambo wenyewe, wakaikataa, na mhariri alikuwa hapo CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, unaona dunia ilivyo. Akaudhika, akaongeza aya inayosema nadharia hii inatabiri chembe mpya, akaituma Physical Review Letters ya Marekani, ikatoka mwezi wa kumi. Ile aya ndio imefanya jina liwe lake. Mwezi wa kumi na moja wakatoka Guralnik, Hagen na Kibble kutokea London. Watu sita, mwaka mmoja. Na nyuma yao kuna mwanafizikia Nambu, na kuna Philip Anderson aliyeonyesha kabla kwamba kitu kama hiki kinatokea ndani ya vipitishi vya umeme visivyo na ukinzani, mle fotoni inajifanya kama ina tungamo.

Na hawakuwa wanafikiria elektroni wala W. Aliyeuchukua mtambo akaufunga kwenye kani dhaifu ni Steven Weinberg 1967, na Abdus Salam wa Pakistani kivyake. Salam huyu mumkumbuke, nitamrudia. Karatasi ya Weinberg ilikaa miaka minne karibu hakuna anayeigusa mpaka kijana wa Uholanzi, Gerard 't Hooft, 1971, akathibitisha kwamba hesabu zake hazilipuki. W na Z zikapatikana CERN 1983 zikiwa na tungamo zilizotabiriwa. Hapo kila mtu akajua mtambo ni wa kweli. Kilichobaki ni kuliona wimbi.

#11 dada_wa_maabara

Na wimbi lilichukua miaka 29 mingine.

#12 mwalimu_wa_zamu

Shida nadharia ilitoa tungamo za wote isipokuwa ya bosoni yenyewe. Unatafuta mtu bila kujua urefu wake. Wamarekani walianza kuchimba handaki la kilomita 87 Texas, bunge likalifuta 1993, dola bilioni mbili zikiwa zimeshazikwa. CERN wakatumia handaki la kilomita 27 walilokuwa nalo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wakafunga sumaku mpya 1,232 za kupindisha miale, zimepozwa mpaka nyuzi 271 chini ya sifuri. Wakawasha tarehe 10 Septemba 2008, siku tisa baadaye kiungo kimoja cha waya kati ya sumaku mbili kikaungua, heliamu ikalipuka, sumaku kadhaa ziking'oka kwenye vitako vyake. Mafundi umeme humu mnaelewa, joint moja mbovu. Zaidi ya mwaka umeenda.

4 Julai 2012 wakatangaza. Fabiola Gianotti kwa kundi la ATLAS, Joe Incandela kwa CMS, makundi mawili yenye mitambo tofauti, wote kwenye 125 GeV hivi, protoni 133. Kiwango cha sigma 5, yaani kama hakuna chembe yoyote, bahati ya kupata matokeo kama yale ni moja kwa milioni tatu na nusu. Vijana walilala mlangoni mwa ukumbi kupata viti. Higgs alikuwepo, miaka 83, anafuta machozi, na Englert pembeni, na wale wawili ndio siku hiyo walionana uso kwa uso mara ya kwanza. Brout alikuwa amefariki 2011. Nobel ikatoka 2013 kwa wawili. Siku ya kutangazwa Higgs hakuwa na simu ya mkononi, alikuwa ametoka kula mchana, aliyempa habari ni jirani yake wa zamani waliyekutana barabarani. Amefariki Aprili 2024. Mi huyo mzee namkubali sana.

#13 kijana_wa_chuo

Samahani mwalimu, ila nimekukamata. Umesema fotoni haikumeza kitu, haina tungamo, maana yake uga wa Higgs haumgusi. Sasa nimesoma kwamba 2012 Higgs waliikuta kwa kuangalia ikivunjika kuwa FOTONI MBILI. Kama hawagusani imevunjikaje kuwa fotoni?

#14 Karanga Mbichi

Oyaaa 🔥🔥 mwalimu amepigwa tena, jumatano na jumamosi

#15 mwalimu_wa_zamu

😂😂 Wiki hii siyo yangu. Lakini hili ninalo, na ni swali zuri kweli kweli.

Haigusani nayo moja kwa moja. Bosoni inaishi kitambo kifupi mno, haifiki sehemu moja ya trilioni ya trilioni moja ya sekunde mara elfu, imeshavunjika. Ikivunjika, mara nyingi, kama mara 58 kwa 100, inatoa jozi ya kwaki za aina ya botomu, sababu inapenda vizito. Lakini mara nyingine inapitia mlango wa uani: kwa kitambo kisichopimika inageuka W au kwaki ya kilele, topu, ambazo zenyewe zina chaji ya umeme, kwahiyo zinaongea na fotoni, zinatema mbili, kwisha. Ni kama mara mbili tu kwa kila Higgs elfu. Sasa kwanini wakahangaika na mbili kwa elfu wakaacha 58 kwa mia? Kwa sababu migongano ya protoni inamwaga kwaki za botomu kama mchanga, huwezi kujua ipi imetoka kwa Higgs. Fotoni mbili safi zenye nguvu zinaonekana vizuri, unajumlisha nishati yao na mwelekeo, unachora grafu, kwenye 125 kuna kinundu.

#16 dada_wa_maabara

Mwalimu naomba nikurekebishe kidogo kwa upole. Hapo kwenye muda wa kuishi umejichanganya. Nadharia inasema kama sekunde 1.6 × 10⁻²², ambayo ni sehemu ya trilioni ya sekunde, halafu hiyo uigawe tena kwa kama bilioni sita. Sio trilioni ya trilioni, na hiyo mara elfu sijui inazidisha au inagawanya.

#17 mwalimu_wa_zamu

Sahihi dada, nimeandika kwa mbwembwe. Chukueni namba ya dada.

#18 Nahodha Mstaafu

Nasoma tangu asubuhi kimya. Tope umelizika, lakini hujatupa kingine badala yake. Hiyo elektroni inapataje ugumu?

#19 mwalimu_wa_zamu

Nahodha nilikuwa naisogelea, na jina lako limenipa ujasiri. Mi nimekulia pwani, babu alikuwa na ngalawa.

Chombo kikitaka kwenda kule upepo unakotoka hakiendi moja kwa moja, kinabisha. Kinaenda kushoto kidogo, kinageuka, kulia kidogo, kinageuka, zigizagi. Ukiwa ndani kinakata maji kasi ileile, ila ukiwa umekaa ufukweni unaona kinachelewa kufika. Elektroni picha yake ni hiyo. Wa kushoto anakimbia kasi ya mwanga, anageuka wa kulia, anakimbia kasi ya mwanga, anageuka wa kushoto, mara zisizohesabika kwa sekunde, namba yenye sifuri 20 hivi. Ukichukua wastani, elektroni haifiki kasi ya mwanga, na inaweza hata kukaa pahala pamoja ikipigapiga huku na huku. Wingi wa kugeuka ndio tungamo. Topu inageuka zaidi ya mara laki tatu kuliko elektroni, ndio maana tungamo yake ni GeV 173. Fotoni haibishi, inakwenda na upepo.

Ni picha, hesabu halisi ni ya mawimbi, ila hii picha haidanganyi kama tope.

#20 Nahodha Mstaafu

Mwalimu, babu yako hakukupandisha chomboni. Chombo cha tanga letu hakigeuki bure. Ukibisha lazima foromali, ule mti unaoshika tanga, lihamishwe upande wa pili wa mlingoti, na foromali halihami lenyewe, wapo mabaharia wa kulibeba, tena kwa kelele. Bila watu hao utakwenda upande mmoja mpaka ukapande mwamba.

#21 mwalimu_wa_zamu

NAHODHA. Nimeinuka kwenye kiti.

Wakuu huyu mzee ametoa kipande nilichokikosa. Mnakumbuka vitambulisho? Wa kushoto na wa kulia wana vitambulisho tofauti, kwahiyo kugeuka hakuruhusiwi hivihivi, ile tofauti lazima ichukuliwe na mtu. Anayeichukua ni uga wa Higgs. Kila elektroni inapogeuka, uga unapokea kile kisichotakiwa upande ule, na kwa kuwa uga upo kila mahali na haupungui, kila sehemu ya ulimwengu kuna baharia amesimama tayari na foromali. Uga ungekuwa sifuri, mabaharia hakuna, hakuna kubisha, elektroni zote zinakwenda kasi ya mwanga upande mmoja milele. Jumatatu hii inaenda ubaoni kama ilivyo.

#22 mzee_wa_kijiwe

Hapo hata mimi nimeelewa. Lakini ile 929 ya binti?

#23 mwalimu_wa_zamu

Deni la jumatano. Kwaki ndani ya protoni zimebanwa na kani nguvu kwenye nafasi ndogo, chukua milimita uigawe mara trilioni, protoni ina upana wa vipande viwili hivi. Kitu ukikibana hivyo hakitulii, kinakimbia hovyo, na gluoni zinazozibana zina nishati yake. Nishati hiyo yote ikiwa imefungiwa mahali pamoja, ukiipima kwa nje inasoma kama tungamo. Einstein alishasema. 929 ni mbio na msongamano, kama kwenye daladala saa 12 jioni ambapo watu wenyewe ni wembamba ila mlango haufungi. Na sio maneno, 2008 watafiti walikokotoa kwa kompyuta kubwa kuanzia kwaki na gluoni wakafika kwenye tungamo ya protoni kwa kukosea asilimia chache tu.

Kwahiyo mtu wa kilo 70, ukijumlisha tungamo za kwaki na elektroni zake tu, mchango wa Higgs kwenye mzani wake haufiki kilo moja. Zilizobaki ni nishati ya gluoni na kwaki. Ukizima Higgs leo protoni ingebaki karibu na uzito uleule.

Lakini usingekuwepo. Ukubwa wa atomu unapangwa na tungamo ya elektroni, ikipungua nusu atomu inatanuka mara mbili, ikiwa sifuri elektroni haikamatiki, atomu hakuna. Na kwaki ya chini ni nzito kidogo kuliko ya juu, ndio maana nyutroni inaizidi protoni kwa 1.3 MeV na protoni haivunjiki. Zingekuwa sawa, protoni yenye chaji ndio ingekuwa nzito, ingegeuka nyutroni, haidrojeni ingekwisha, maji hakuna, chai yangu hii hakuna.

#24 matatu_ya_mwisho

Sawa mwalimu, lakini sisi huku tunapata nini kwa hii maneno yote? Ama ni ya kusoma tu kwa simu.

#25 mwalimu_wa_zamu

Nilisema nitamrudia Salam. Mwaka uleule wa 1964 karatasi zinatoka, yeye alikuwa anaanzisha kituo cha fizikia Trieste, Italia, kwa ajili ya watu wa nchi kama zetu, alikuwa amechoka kuona mtu akirudi kwao kutoka Cambridge anakosa hata wa kuongea naye hesabu, ilimkuta mwenyewe Lahore. Kituo bado kipo, kina jina lake, na kina taasisi mwenza Kigali, kwenye Chuo Kikuu cha Rwanda, kijana wa Eldoret anapanda basi anafika. Yule binti wangu wa nyuma nishaanza kumwangalia kwa jicho hilo.

#26 kijana_wa_chuo

La mwisho mwalimu. Nyutrino, ile chembe nyepesi mno isiyo na chaji. Kama kubisha kunataka wa kushoto na wa kulia, mbona vitabu vinasema nyutrino wa kulia hajawahi kuonekana?

#27 mwalimu_wa_zamu

Hajaonekana. Zote zilizonaswa ni za kushoto. Ndio maana kwenye nadharia ya awali nyutrino iliandikwa tungamo sifuri na watu wakalala vizuri. Halafu 1998 mtambo wa Super-Kamiokande kule Japani, tangi la tani elfu 50 za maji safi chini ya mlima, ukaonyesha nyutrino zinabadilishana aina njiani, na kinachobadilika njiani lazima kiwe na tungamo. Ndogo kuliko ya elektroni zaidi ya mara laki tano, ila ipo. Ama wa kulia yupo na haongei na mtu yeyote, ama nyutrino inapata tungamo kwa mtambo mwingine kabisa usiokuwa huu.

#28 Nahodha Mstaafu

Chombo cha kubisha upande mmoja hakifiki ng'ambo mwalimu.

#29 mwalimu_wa_zamu

Hiki kimefika nahodha. Ndio wanachokitafutia jibu mpaka leo.